Hisabati Nyumbani: Nafasi ya Mzazi na Swali la "Umepataje?"

Mtoto wa darasa la nne anatumwa gengeni akiwa na noti ya shilingi 5,000. Ananunua mahitaji ya shilingi 2,700. Kabla muuzaji hajamaliza kutafuta sarafu, mtoto ameshajua chenji anayostahili: kutoka 2,700 hadi 3,000 ni mia tatu, kutoka 3,000 hadi 5,000 ni elfu mbili, hivyo anadai elfu mbili na mia tatu. Anarudi nyumbani na chenji kamili. Jioni ya siku hiyohiyo anafungua daftari la Hisabati na kukuta swali la 5,000 kutoa 2,700, namba zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine. Anaanza upande wa kulia: sifuri kutoa sifuri ni sifuri, na ya pili vilevile. Sifuri kutoa saba haiwezekani, kwa hiyo anageuza, saba kutoa sifuri ni saba. Tano kutoa mbili ni tatu. Anaandika 3,700 na kufunga daftari bila wasiwasi.

Namba ni zilezile, mtoto ni yuleyule, na siku haijabadilika. Walimu wa shule za msingi wanalifahamu sana kosa hili la kugeuza tarakimu ili ndogo itolewe kutoka kwa kubwa. Jambo lisilozungumzwa mara nyingi ni kwamba mtoto huyu hakukosa uwezo wa kutoa. Amekosa kutambua kwamba swali la daftarini ndilo lile alilolijibu gengeni. Darasani mwenye watoto wengi mwalimu hawezi kusimama kando ya kila mmoja na kuligundua hilo. Nyumbani linaweza kugunduliwa kwa sentensi moja: "Ungemwambia mama muuza genge akupe chenji ya 3,700, angekubali?" Mtoto atacheka, kisha atalichukua daftari tena.

Uhitaji wa jambo hili si mdogo. Katika mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne, Hisabati imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini zaidi, na mwaka 2023 ni takribani robo tu ya watahiniwa waliofaulu somo hilo. Tatizo hilo halizaliwi Kidato cha Nne. Linaanzia katika miaka ya mwanzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu, pale mtoto anapoanza kuamini kwamba hesabu za shuleni zina kanuni zake za siri zisizohusiana na duka, jiko wala ndoo ya maji.

Watoto wa Recife

Watafiti watatu, Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann, walilichunguza jambo hili katika jiji la Recife nchini Brazili na kuchapisha matokeo yao mwaka 1985. Waliwaendea watoto watano wenye umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza nazi, ndimu na bidhaa nyingine ndogondogo mitaani na sokoni, wakanunua kama wateja wa kawaida na kuuliza bei ya vitu vingi kwa pamoja. Watoto hao walipata majibu sahihi kwa kiasi cha asilimia 98. Baadaye walipewa hesabu zenye namba zilezile, safari hii kwa karatasi na kalamu, bila nazi wala mteja. Usahihi ukashuka hadi takribani asilimia 37. Hesabu hizo zilipoelezwa kwa maneno, kama kisa cha mtu anayenunua kitu, walipata kama asilimia 74.

Mkazi wa Ngokolo hahitaji kwenda Brazili ili kuliona hili. Kila asubuhi wapo watoto wanaopeleka mandazi kwa majirani, wanaopima karanga kwa kikombe na wanaojua kwa hakika kabisa ni kiasi gani kimebaki kwenye beseni. Uwezo upo. Kinachokosekana ni daraja kati ya hesabu ya kichwani na ile ya daftarini, na daraja hilo hujengwa na mtu mzima aliye karibu na mtoto.

Mzazi hahitaji cheti

Wazazi na walezi wengi hujitenga na daftari la Hisabati kwa sababu waliishia darasa la saba, au hawakufika huko. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kazi inayohitajika hapa si kufundisha. Ni kuuliza na kusikiliza. Swali lenyewe ni fupi: "Umepataje?" Liulizwe mtoto anapopata na anapokosa, kwa sauti ileile, maana likiulizwa wakati wa makosa pekee mtoto hulichukulia kuwa ni karipio.

Mtoto anapoeleza kwamba alianzia 2,700 akaongeza mia tatu, kisha elfu mbili, mzazi amwombe aandike hatua hizo kama alivyozisema, mstari mmoja kwa kila hatua. Yasiwe maandishi ya mwalimu. Yawe maneno yake yeye mwenyewe yaliyogeuzwa kuwa namba. Baada ya hapo alinganishe na njia ya shuleni. Akikuta 2,300 huku na 3,700 kule, atajua kwamba njia mojawapo imekosewa na ataanza kutafuta wapi. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu anaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko kijana wa sekondari mwenye haraka ya kutaja jibu.

Lipo jambo moja la kuepukwa. Mzazi anaposema mbele ya mtoto kwamba "hesabu hata mimi zilinishinda", anadhani anamfariji. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 kuhusu wanafunzi wa madarasa ya mwanzo ulionesha kwamba watoto wa wazazi wanaoiogopa Hisabati walijifunza kidogo zaidi na kuiogopa zaidi somo likiendelea, hasa pale wazazi hao walipokuwa wakiwasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani. Hofu ilipita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto pamoja na msaada. Ni afadhali mzazi asiyejua aseme tu, "Nieleze, nami nijue."

Jikoni na sokoni

Jiko la nyumbani lina vipimo vingi kuliko kabati la vifaa la shule nyingi. Mchele ukipikwa kwa kikombe kimoja cha mchele na viwili vya maji, watu wanne wakila vikombe viwili vya mchele, wageni wawili wakiongezeka itakuwaje? Mtoto wa darasa la tatu atajaribu, atakosea, atajaribu tena, na mara hii kosa litaonekana sufuriani. Huo ni uwiano, ingawa neno lenyewe atalikuta baadaye sana.

Sehemu ndizo zinazowatatiza watoto wengi, na kuna sababu. Mtoto aliyefundishwa kwamba nane ni kubwa kuliko nne huona ajabu kuambiwa kwamba moja ya nane ni ndogo kuliko moja ya nne. Chapati moja humaliza ubishi. Ikatwe katikati, kila nusu ikatwe tena, kisha kila robo igawanywe mara mbili. Mtoto aulizwe: "Ukiwa na njaa, utachagua kipande cha robo au cha moja ya nane?" Baada ya hapo apewe swali gumu zaidi la chapati tatu na watoto wanne. Wapo watakaokata kila chapati vipande vinne na kumpa kila mtu vitatu. Wengine watakata chapati mbili nusu kwa nusu, kila mtoto apate nusu, kisha ile ya tatu waigawe robo kwa robo. Njia zote mbili humpa kila mtoto robo tatu, na mazungumzo kuhusu sababu ya njia mbili kuleta jibu moja yana thamani kuliko maswali ishirini ya kunakili ubaoni.

Sokoni kuna sado na debe. Debe ni la lita 20 na sado ni ya lita 4, hivyo debe moja ni sado tano zilizopimwa sawasawa. Anayenunua sado tano kwa siku tofauti alipe sawa na anayenunua debe kwa mkupuo? Mara nyingi hailingani, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuitafuta tofauti hiyo na kuiambia familia imelipa nyongeza kiasi gani kwa mwezi. Mtoto pia akadirie kabla ya kupima: mahindi yaliyomo katika beseni hili ni sado ngapi? Katika miaka ya 1960 watafiti wa Kimarekani nchini Liberia waliwaomba wakulima wa mpunga wa kabila la Kpelle wakadirie idadi ya vikombe vya mchele vilivyomo katika bakuli. Wakulima hao, ambao wengi wao hawakuwa wamesoma, walikaribia jibu sahihi kuliko Wamarekani waliosoma. Kukadiria ni elimu inayotokana na mazoea ya mikono, na mtoto wa Usukuma anayekua kati ya magunia ya mpunga anayo nafasi hiyo tayari.

Mizani na historia yake

Katika ukanda huu mizani si chombo cha biashara tu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma na maeneo jirani walilalamika kwamba walikuwa wakipunjwa kwenye vituo vya ununuzi. Sehemu ya jibu lao ilikuwa kuwaweka watu wao wenyewe, wanaojua kusoma mizani na kuandika, ili wahakiki uzito kabla pamba haijauzwa. Kutokana na vuguvugu hilo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vyama vya msingi vilikua na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa moja ya mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika mwaka 1962. Kwa maneno mengine, sehemu ya historia ya uhuru wa kanda hii ilianza na mtu aliyeweza kusoma mshale wa mizani na kuandika namba sahihi.

Hatari ya kupunjwa haijaisha. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini lumbesa bado inamgharimu mkulima asiyepiga hesabu. Mtoto aliyefika darasa la sita aulizwe: gunia likiwa na kilo 120 na kulipwa kama la kilo 100, mkulima aliyeuza magunia kumi ametoa bure kilo ngapi? Jibu ni kilo 200, yaani magunia mawili kamili.

Upande wa dhahabu, kosa la kijana huwa kwenye nukta ya desimali. Wapo wanafunzi wengi wanaoamini kwamba gramu 1.35 ni nyingi kuliko gramu 1.5, kwa kuwa 35 ni kubwa kuliko 5. Tuseme gramu moja inauzwa shilingi 200,000. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni gramu 0.15, sawa na shilingi 30,000. Masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini mwaka 2019, likiwemo la Geita, yamemwezesha mchimbaji mdogo kuuza mahali penye mizani iliyohakikiwa. Hata hivyo mizani iliyohakikiwa humsaidia zaidi yule anayeelewa kinachoandikwa kwenye kioo chake.

Saa inayosema saba

Walimu wa madarasa ya chini hulalamika kwamba watoto hawaelewi kusoma saa, na wazazi huwalaumu watoto. Kwa kweli watoto wana sababu. Mkono mfupi uko kwenye saba, simu ya baba imeandika 07:00, na mama anasema ni saa moja asubuhi. Kiswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza, wakati saa ya ukutani huanza usiku wa manane, na tofauti ni saa sita. Kuna njia rahisi ya kumwelewesha mtoto: atazame namba iliyo mkabala na ile inayooneshwa na mkono mfupi. Saba inatazamana na moja, nane na mbili, tisa na tatu. Namba inayotazamana ndiyo saa ya Kiswahili. Mtoto akigundua mwenyewe kwamba kuongeza sita na kupunguza sita humpeleka kwenye namba ileile, amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi hulitumia kila siku bila kulifikiria.

Mita ya maji na karatasi ya LUKU

Maji ya Ziwa Victoria yanayotoka Ihelele huzifikia nyumba za Manispaa ya Shinyanga kupitia SHUWASA, na nyumba iliyounganishwa ina mita. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Mtoto wa darasa la nne na kuendelea akabidhiwe kazi ya kusoma mita siku ileile ya kila mwezi, kuandika namba ukutani au kwenye daftari, na kutoa namba ya mwezi uliopita. Atakuwa amefanya hesabu ya kutoa yenye maana, na familia itakuwa na kumbukumbu ya kulinganisha na ankara inapofika. Namba ikipanda ghafla bila wageni wala ujenzi, huenda bomba linavuja, na atakayegundua ni yeye. Nyumba inayonunua maji kwa ndoo ifanye hesabu nyingine: bei ya ndoo moja mara 50, kisha ilinganishwe na bei ya yuniti moja kwenye ankara ya jirani.

LUKU nayo ina somo. Kodi ya jengo la kawaida hukatwa kupitia mita ya umeme, shilingi 1,500 kwa mwezi tangu mwaka 2023. Kwa mwaka ni kiasi gani? Nyumba iliyokaa miezi minne bila kununua umeme itakatwa kiasi gani siku itakaponunua? Mzazi anayeshangaa kwa nini umeme wa shilingi 10,000 umeleta yuniti chache mwezi fulani anaweza kumpa mtoto ile meseji na kumwomba aitafute sababu.

Michezo isidharauliwe. Bao, ambalo wazee wa Kisukuma huliita isolo, lina mashimo 32 na kete 64, na anayecheza vizuri hujua kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaanza kusambaza. Mtoto anayekaa kando ya babu yake na kubashiri shimo la mwisho anafanya hesabu ya haraka ya kichwani. Mdako nao, wa kurusha kijiwe na kuokota kimoja, viwili, kisha vitatu kwa mkupuo, ni kugawa makundi bila jina hilo.

Mpaka usiovukwa

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanaweza kupotoshwa. Mzazi anaweza kusema kwamba mtoto anayeuza karanga stendi saa nne asubuhi anajifunza hesabu. Watoto wa Recife walijua hesabu za mtaani, lakini matokeo yao ya karatasi yanaonesha pia walichokosa. Genge la dakika kumi jioni na daftari mezani baadaye ni malezi. Siku nzima sokoni wakati wenzake wako darasani ni kumnyima mtoto elimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kwa mtoto aliyefikisha miaka 14 na inakataza kazi za hatari kwa kila aliye chini ya miaka 18. Machimbo, karasha na zebaki ni kazi za hatari. Hesabu ya gramu ijifunzwe nyumbani kwa mizani ya jikoni, si kando ya shimo.

Usawa pia uangaliwe. Katika nyumba nyingi msichana ndiye anayepika na mvulana ndiye anayetumwa na fedha. Wote wawili wabadilishane. Msichana ashike noti na kudai chenji, na mvulana apime mchele.

Kwa mtoto mkubwa

Mwanafunzi wa darasa la sita au wa sekondari anaweza kuwa mhasibu wa familia katika jambo moja kubwa, nalo ni mikopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tuseme kikundi kimekopeshwa shilingi 3,000,000 za kurejeshwa kwa miezi 12. Kila mwezi kitarejesha 250,000, na mwishoni kitakuwa kimelipa 3,000,000 zilezile.

Kisha alinganishe na mkopo wa mtaani, ule unaoitwa kausha damu. Tuseme mama amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi na kila mwezi anaweza kulipa riba tu. Mtoto achore safu mbili kwenye daftari, moja ya riba iliyolipwa na nyingine ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza, 20,000 na 100,000. Mwezi wa pili, 40,000 na 100,000. Mwezi wa tano riba iliyolipwa imefika 100,000, na safu ya pili bado inasomeka 100,000. Mama akitazama karatasi hiyo na kuuliza "Umepataje?", mtoto aanze kueleza kutoka mstari wa kwanza, na daftari hilo lipelekwe kwa mwalimu wa Hisabati siku ya kikao cha wazazi.